Zeus na Hermes Katika Mji wa Listra: Miungu ya Wagiriki na Mawe ya Lualaba

Katika sura ya 14 ya Matendo ya Mitume imo habari ya mji wa Listra, katika nchi ya Likaonia, ambayo leo ni sehemu ya Uturuki. Paulo alimponya huko mtu mmoja aliyezaliwa kiwete. Watu walipomwona akisimama na kutembea walipaza sauti kwa lugha yao ya nyumbani, wakidhani kwamba miungu wameshuka kwao wakiwa na umbo la binadamu. Barnaba wakampa jina la Zeus; Paulo wakampa jina la Hermes, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa msemaji. Kuhani wa Zeus akaleta mafahali na mashada ya maua hata malangoni, apate kuwachinjia sadaka.

Mwanafunzi wa Kolwezi asomaye habari hiyo huuliza mara moja: Zeus ni nani? Hermes ni nani? Swali lake ni la haki, na haifai kumjibu kwa neno moja tu, kwamba walikuwa miungu ya uongo, kisha kufunga kitabu. Asiyejua walivyodhaniwa kuwa, hawezi kufahamu kwa nini Mitume walirarua mavazi yao. Tena majina ya miungu ya jamaa hiyo hayakubaki Listra. Mengine yamo hata leo katika mawe yachimbwayo kutoka Likasi hadi Kolwezi, na watoto wa mtaani huyataja kila siku bila kujua.

Zeus alihesabiwa kuwa mkubwa wa miungu wote, mwenye mbingu, mvua na radi. Hermes alikuwa mwanawe na tarishi wake, mlinzi wa wasafiri na wafanya biashara, na wa wezi pia. Mshairi wa Roma aitwaye Ovidius, aliyeishi wakati wa Kaisari Augusto, ameandika hadithi iliyosimuliwa juu ya nchi ya Frigia, jirani na Likaonia. Zeus na Hermes walipita huko kama wasafiri maskini wakiomba mahali pa kulala. Nyumba nyingi ziliwafukuza. Wazee wawili tu, Filemon na mkewe Baucis, waliwapokea katika kibanda chao na kuwapa chakula kidogo walichokuwa nacho. Kisha maji yakafunika nchi nzima, kikabaki kibanda kile peke yake. Ikiwa watu wa Listra walikuwa na hadithi kama hiyo masikioni, basi haraka yao ya kuleta mafahali haikuwa ya kipumbavu kama inavyoonekana. Nani angetaka kuwafukuza wageni wale mara ya pili?

Habari za miungu hao zilikusanywa zaidi na washairi wawili wa kale, Homer na Hesiod, miaka 700 hivi kabla ya kuzaliwa Kristo. Kwa maneno ya Hesiod, hapo mwanzo palikuwa na utupu. Ndipo akatokea Gaia, yaani nchi, naye akamzaa Uranos, yaani mbingu. Uranos aliwachukia watoto wake, akapinduliwa na mwanawe Kronos. Kronos akawameza wanawe mwenyewe kwa hofu ya kupinduliwa, hata Zeus alipookolewa na mama yake, akamshinda baba. Kisha ndugu watatu wakapiga kura: Zeus akapata mbingu, Poseidon akapata bahari, Hades akapata kuzimu.

Msomaji aangalie hapa jambo moja. Katika hadithi hiyo yote hakuna aliyeumba ulimwengu. Miungu wenyewe walizaliwa, waligombana, waliibiana wake, walidanganyana. Jambo walilowapita wanadamu ni nguvu na kutokufa, wala si wema. Mzee Mluba angeshangaa kusikia hivyo. Yeye alikuwa na mizimu mingi, na mara nyingi aliiogopa kuliko ilivyofaa. Lakini juu yake alimjua Shakapanga, Baba Muumba wa vyote, na jina hilo lilikuwako Katanga kabla ya mmisionari wa kwanza kufika. Katika jambo hilo mwanakijiji wa Lualaba alikuwa mbele ya Homer.

Sasa turudi kwa Barnaba, aliyefanywa Zeus kwa nusu siku. Maandiko yanasema kwamba alikuwa Mlawi, mzaliwa wa kisiwa cha Kipro. Kisiwa hicho kilijulikana kote katika bahari ya Mediteranea kwa shaba yake, hata Warumi waliita shaba kwa jina la kisiwa, na kutoka neno lao la Kilatini, cuprum, Wafaransa wamepata neno lao cuivre. Chuma ambacho wazee wa Katanga walikiita mukuba, Ulaya kinaitwa kwa jina la nchi ya Barnaba. Wafua shaba wa Kipro waliimimina katika vipande vikubwa vilivyofanana na ngozi ya ng'ombe iliyotandazwa, vikapelekwa mbali kwa merikebu. Wafua shaba wa Katanga waliimimina katika umbo la msalaba, uitwao handa, ukatumika kama fedha kununulia vitu na kulipia mahari. Watu hao hawakuonana kamwe. Lakini kila mmoja aliona kwamba shaba yenye umbo moja lijulikanalo huhesabika upesi na kuaminiwa na mnunuzi.

Kipro kilikuwa pia kisiwa cha Aphrodite, mungu wa kike wa uzuri na mapenzi. Wagiriki walisema alizaliwa katika povu la bahari, akapanda pwani karibu na mji wa Pafo, mji uleule ambao Paulo na Barnaba walihubiri kabla ya kufika Listra. Na mumewe Aphrodite alikuwa nani? Si askari wala mfalme. Alikuwa Hephaestus, mhunzi.

Huyo ndiye mungu ambaye mtoto wa Kolwezi atamfahamu kuliko wote. Hephaestus alikuwa kiwete. Hadithi moja yasema mama yake, Hera, alimtupa kutoka mlima Olympus kwa kuona haya ya miguu yake. Nyingine yasema aliyemtupa ni Zeus, akaanguka kutwa nzima hata kisiwa cha Lemnos. Miungu wengine walikunywa na kufanya karamu. Yeye alifanya kazi. Homer amemweleza akiwa amejaa jasho kati ya mivukuto ishirini, akijifuta uso na shingo kwa sifongo mgeni alipoingia. Nyumba za miungu zilijengwa naye, silaha zao zilifuliwa naye. Hata hivyo alipochechemea karamuni akiwamiminia kinywaji, miungu walimcheka mpaka wakachoka. Wagiriki walijua vema kwamba aliyewapa wakubwa utajiri wao ndiye mwenye mwili ulioharibika, tena ndiye wa kuchekwa. Hawakuona haja ya kulirekebisha jambo hilo.

Katika Katanga mhunzi hakuchekwa. Monseigneur Jean-Félix de Hemptinne, Mbenedikto, aliandika mwaka 1926 habari za wale walioitwa "walaji wa shaba", yaani watu wa ukoo na chama walioishi kwa kazi hiyo. Kiangazi, mavuno yalipokwisha, walikwenda mlimani kukusanya malakiti, lile jiwe la kijani. Walijenga tanuru kwa udongo wa kichuguu, wakalijaza makaa na mawe, wakavuta mivukuto ya ngozi hata shaba ikatiririka. Mkubwa wa kazi aliheshimiwa kama mganga, na kabla ya kuwasha moto wahenga waliombwa. Kwa Waluba mfalme mwenyewe alihusishwa na uhunzi, na ufundi wa chuma ulihesabiwa kuwa kitu kilicholetwa na wafalme wa kwanza. Hephaestus angalipata kiti chema Lualaba kuliko Olympus.

Yabaki kusema juu ya ndugu wa tatu, aliyepata kuzimu kwa kura. Wagiriki waliogopa kutamka jina la Hades. Walimwita kwa jina la heshima, Plouton, maana yake Tajiri, kwa kuwa kila utajiri hutoka chini ya ardhi: mbegu iotayo, na fedha, na dhahabu, na shaba. Wafu nao walikwenda kwake, wakiwekewa sarafu kinywani wamlipe mvushaji wa mto wa kuzimu. Huko Sanga, kando ya ziwa Kisale, wataalamu waliochimba makaburi ya kale mwaka 1957 na 1958 walikuta misalaba midogo ya shaba imezikwa pamoja na wafu. Mali na mauti vimelala pamoja katika ardhi ya bonde la Lualaba kama katika nyumba ya Plouton.

Wakaaji wa mtaa wa Kasulo, mjini Kolwezi, hawahitaji Mgiriki wa kuwaeleza. Mwaka 2014 mtu mmoja aliyekuwa akichimba penye nyumba yake alikuta jiwe jeusi lenye kobalti. Habari ikaenea, na kwa muda mfupi watu wakachimba uani, chini ya jikoni, chini ya vitanda. Wengine walijenga nyumba mpya kwa mali hiyo. Wengine walizikwa katika mashimo waliyoyachimba ndani ya kuta zao. Mwaka 2017 sehemu ya mtaa ikazungushiwa ukuta, wenye nyumba wakahamishwa, na uchimbaji ukawekwa chini ya kampuni.

Hata baba wa zamani, Uranos, ana jiwe lake. Mwaka 1789 Mjerumani Martin Klaproth aligundua madini mapya, akayapa jina urani kwa heshima ya sayari Uranus, iliyoonekana miaka 8 kabla. Hivyo jina la mbingu likapewa jiwe la shimoni. Sehemu kubwa ya urani iliyotumiwa na Marekani kutengeneza mabomu ya kwanza ya atomiki ilitoka Shinkolobwe, karibu na Likasi. Bomu la Hiroshima, tarehe 6 Agosti 1945, lilikuwa la urani. La Nagasaki, siku tatu baadaye, lilikuwa la plutoni, kitu kilichotengenezwa kutoka urani na kuitwa kwa jina la Pluto, iliyohesabiwa wakati ule kuwa sayari, ambayo nayo ilipewa jina la yule Tajiri wa kuzimu. Kwa bahati tu, bila mtu kukusudia, majina yale yalisema kweli.

Kobalti haikupata jina lake kwa Wagiriki. Lakini habari yake ndiyo ifaayo zaidi kufundishwa Kolwezi. Wachimbaji wa milima ya Saksonia, katika Ujerumani, walikuta mara nyingi jiwe lililoonekana kuwa na fedha au shaba. Wakilichoma hawakupata kitu, ila moshi uliowaumiza vifua na kuwaua. Wakasema ni kazi ya Kobold, pepo wa mgodini, aliyeiba madini mema na kuweka mabaya mahali pake. Hata Georgius Agricola, tabibu mwenye elimu kubwa, ambaye kitabu chake cha migodi kilitolewa mwaka 1556, aliandika juu ya pepo wa migodi. Mnamo mwaka 1735 Georg Brandt, Mswidi, alionyesha kwamba ndani ya mawe hayo mna chuma kisichojulikana bado. Nao moshi uliokuwa ukiua ulitoka katika aseniki, sumu iliyoshikamana na mawe hayo. Kumlaumu Kobold hakukumwokoa mtu yeyote na moshi huo.

Kolwezi nako husikika, shimo linapoanguka, kwamba mlima ulitaka mtu, au kwamba wankambo hawakupewa haki yao. Mjane husikia maneno hayo katika matanga, na kwa namna fulani humtuliza. Lakini sababu zinahesabika. Sheria hairuhusu wachimbaji wa mikono kupita mita 30, na mashimo mengi hupita. Mvua hulainisha udongo. Miti ya kuegemezea hugharimu fedha, na mwenye njaa huahirisha kuinunua. Tarehe 27 Juni 2019, katika mgodi wa KOV, udongo uliporomoka juu ya wachimbaji, wakafa watu wasiopungua 36. Hao walikuwa na mama, na wake, na watoto walioandikwa shuleni.

Paulo aliwaambia watu wa Listra kwamba yeye na Barnaba ni watu kama wao, kisha akawaelekeza kutazama mvua na majira ya mavuno, mambo waliyoyaona kwa macho kila mwaka. Hawakupendezwa. Muda si muda walipotoshwa na watu wengine, wakampiga mawe yule waliyetaka kumchinjia fahali.

Mwalimu atakayelifundisha somo hili atakuta katika darasa lake viti vilivyo wazi, kwa kuwa wenye viti wako mtoni wakiosha mawe. Asiwangoje, habari zitawafikia. Waliopo na wapewe kazi hii ya nyumbani: kila mmoja amwulize baba, mjomba au kaka yake achimbaye, shimo lake lina mita ngapi, limeegemezwa kwa miti ya namna gani, na hewa huingia kwa njia ipi. Majibu yaandikwe katika daftari, yasomwe darasani siku ya Jumatatu.