MALI BILA DAFTARI: SOMO KUHUSU KUTUNZA DATA ZA UTAFITI

Wahenga hawakuropoka waliponena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Tangu shule ya msingi niliisikia methali hiyo nikidhani inawahusu wenye maduka peke yao. Kumbe inatuhusu hata sisi wanachama wa Chama cha Kiswahili! Mwalimu mlezi aliponitaka niandike somo la jarida la mwaka huu, nilifikiria kuandika juu ya ngeli, lakini ngeli huandikwa kila mwaka na hakuna aliyewahi kuzimaliza. Nimeona heri niandike juu ya jambo lililotuuma wenyewe, nalo ni namna ya kutunza data za utafiti katika tarakilishi na mitandao.

Kama mnavyokumbuka, mwezi wa Juni 2025 tuligawanyika vikundi vikundi tukawatembelea wazee wa mtaa. Kwa simu za kuazima kutoka nyumbani tulinasa sauti zao wakitueleza maneno ya kazi walizofanya ujanani. Tulipata rekodi 23. Mzee mmoja alikuwa amefanya kazi ya reli kwa miaka mingi. Alitukalisha chini ya mwembe tangu saa nane mpaka magharibi, akitaja kila kifaa kwa jina lake, huku akitucheka. "Nyinyi mnasomea nini huko shuleni?" alituuliza. "Hata taruma hamjui?" Taruma ni ile mbao au chuma kinacholazwa chini ya reli. Kiberenge nacho ni kile kigari kidogo cha wakaguzi wa njia. Hayo mawili nayakumbuka. Mengine, ambayo bila shaka yalizidi hamsini, siyakumbuki, na hakuna aliyeyaandika kwa sababu kila mmoja wetu alisema, "Si iko kwa simu?"

Simu zikajaa. Tukahamisha rekodi zote kwenye flashi moja, kisha tukazifuta simuni ili wenye simu wapate nafasi. Flashi ikapelekwa saiba kuchapisha ratiba ya kongamano. Iliporudi na kuchomekwa kwenye tarakilishi, tarakilishi ikasema haiwezi kuisoma, ikauliza kama iifute na kuiandaa upya. Mwenzetu aliyekuwa kwenye kibodi akabonyeza ndiyo. Simtaji, maana mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake nikimwambia aharakishe. Flashi ikawa tupu kama sahani iliyooshwa.

Sasa hapa pana jambo ambalo lingetuokoa kama tungelijua. Tarakilishi ikifuta kwa ile njia ya haraka, mara nyingi haifuti sauti zenyewe. Hufuta orodha inayoonyesha kila faili iko wapi, kama mtu aliyechana ukurasa wa yaliyomo na kuziacha kurasa nyingine za kitabu. Ziko programu za kuokota faili za namna hiyo, mradi hujaandika kitu kingine juu yake. Sisi siku iyo hiyo tuliijaza flashi video za mchezo wa kuigiza! Januari 2026 yule mzee wa reli akafariki dunia. Tulipokwenda matangani, mjukuu wake alituuliza kama bado tuna ile sauti.

Hapo ndipo nilipoanza kusoma habari hizi kwa dhati. Data za utafiti ni malighafi: sauti, picha, vipimo, majibu ya hojaji, yaani kila kitu ambacho mtafiti alikikusanya kabla ya kuandika ripoti yake. Ripoti husomwa na kupewa alama. Malighafi husahaulika. Na si wanafunzi tu. Watafiti huko Kanada walichapisha mwaka 2014 uchunguzi wa makala 516 za kisayansi zilizokuwa na umri wa miaka 2 hadi 22. Waliwatafuta wenye makala hizo na kuwaomba data zao. Waligundua kuwa kila mwaka makala inapozeeka, uwezekano wa kuzipata data zake hushuka kwa asilimia 17 hivi. Anwani za barua pepe zilikuwa zimekufa, na data nyingine zilikuwa katika vifaa vya kale ambavyo wenyewe hawakuweza tena kuvifungua. Nilipoyasoma hayo nilipata faraja kidogo, nikakumbuka yule mjukuu, faraja ikaniondoka.

Mfano ulionisisimua zaidi unatoka Uingereza, kwa sababu wanafunzi kama sisi walishiriki. Mwaka 1086, kwa amri ya Mfalme William wa Kwanza, ilifanywa hesabu kubwa ya mashamba, mifugo na watu wa nchi hiyo, ikaandikwa juu ya ngozi. Ndicho kitabu kinachoitwa Domesday. Miaka 900 baadaye, mwaka 1986, shirika la BBC lilitoa Domesday mpya ya tarakilishi. Watu zaidi ya milioni moja walichangia, wengi wao watoto wa shule, wakaandika juu ya mitaa yao, wakapiga picha, wakapima na kuhesabu. Yote hayo yakatiwa katika sahani kubwa zinazosomwa kwa mwanga wa leza. Zilihitaji mashine maalumu na tarakilishi ya aina yake, na bei yake iliwashinda wengi. Muda si muda mashine hizo zikaacha kutengenezwa. Kufikia mwaka 2002, miaka 16 tu, watu walikuwa na hofu kwamba kazi yote ile haitasomeka tena, ikawabidi watafiti wa vyuo vikuu vya Leeds na Michigan watengeneze programu inayoigiza ile tarakilishi ya zamani. Mwaka 2011 BBC iliiweka sehemu ya kazi hiyo kwenye intaneti, na mwaka 2018 tovuti hiyo ikafungwa, nakala yake ikabaki kwa Hifadhi ya Taifa ya Uingereza. Kile kitabu cha ngozi cha 1086 kipo mpaka leo, na mwenye kujua Kilatini anaweza kukisoma!

Kwa hiyo wanaosema akiba haiozi hawakuwa wakizungumzia flashi. Karatasi ukiisahau kabatini miaka hamsini, huenda ukaikuta, labda imeliwa pembeni na mchwa. Data ya tarakilishi haitaki kusahauliwa. Lazima ihamishwe, inakiliwe, ifunguliwe mara kwa mara kuona kama bado inafunguka, na ibadilishwe umbo kabla programu yake haijafa.

Najua kuna mtu atakayeuliza, "Kwani si uweke kwa wingu tu?" Swali zuri. Wingu ni jina la kupendeza lakini si kitu kilicho angani. Ni nyumba iliyojengwa mahali fulani duniani, imejaa tarakilishi za mtu mwingine, nayo hutumia stima na huweza kuungua. Tarehe 26 Septemba 2025 moto wa betri ulizuka katika kituo cha data cha serikali huko Daejeon, Korea Kusini. Hifadhi moja waliyokuwa wakitumia wafanyakazi wa serikali ilipotea, terabaiti 858 nzima, na haikuwa na nakala mahali pengine, kwa maelezo kwamba ilikuwa kubwa mno kunakiliwa. Terabaiti moja ni kama flashi 31 hivi za gigabaiti 32. Piga hesabu mwenyewe. Na mwezi wa Desemba 2021, Chuo Kikuu cha Kyoto nchini Japani kilipoteza terabaiti 77 za data za utafiti kwa sababu ya kosa katika programu ya kutengeneza nakala za akiba. Yaani mlinzi mwenyewe ndiye aliyechoma nyumba.

Sisemi wingu ni baya. Sisi wenyewe tunalitumia sasa. Ila wingu tunalolijua wengi wetu limefungwa kwenye akaunti ya mtu mmoja. Google, kwa mfano, hutoa gigabaiti 15 bure, lakini inasema akaunti isiyotumiwa kwa miaka miwili inaweza kufutwa pamoja na vilivyomo. Sasa tazama: katibu wetu anamaliza shule, anapata simu mpya, anasahau nywila, anafungua akaunti nyingine. Miaka miwili inapita. Data za chama zimekwenda, wala hakuna moto wala virusi.

Hapo ndipo inapokuja tofauti ya wingu na hazina ya data. Hazina ya data ni kama maktaba. Ina watu wanaolipwa kutunza, ina kanuni, na haikubali kitu kisicho na maelezo. Maktaba haiwezi kupokea kitabu kisicho na jalada wala jina la mwandishi. Mojawapo ya hazina hizo ni Zenodo, iliyoanzishwa mwaka 2013 katika kituo cha utafiti cha CERN karibu na jiji la Geneva, ambayo hupokea data za mtafiti yeyote bila malipo. Jina lake limetokana na Zenodotus, mkutubi wa kwanza wa maktaba ya kale ya Aleksandria. Ukiweka data zako hapo, hupewa namba ya kudumu. Anwani za tovuti hubadilika kila leo, lakini namba hiyo hukufikisha kwenye data hata kama tovuti imehama. Pia hazina nzuri huhesabu kila faili na kuipa alama kama alama ya kidole. Faili ikibadilika hata kidogo, alama haitalingana, na watunzaji watajua imeharibika kabla mwenyewe hujajua.

Mambo haya hayako mbali na Kiswahili. Chuo Kikuu cha Helsinki, Ufini, kimetayarisha mkusanyo wa matini za Kiswahili wenye maneno kama milioni 25, na umewekwa katika hazina ya lugha ya nchi hiyo ambapo watafiti huutumia. Nami nikajiuliza, je, taruma na kiberenge yamo? Huko Lamu nako, miswada ya Msikiti wa Riyadha ilipigwa picha chini ya mpango wa British Library wa kuokoa nyaraka zilizo hatarini. Miswada yenyewe haikusafirishwa. Picha ndizo zilizosafiri.

Sasa nirudi kwenye lile daftari. Tulipoanza kurekodi upya mwaka huu, tulikuta rekodi chache zilizosalia katika simu ya dada wa mwenzetu. Jina la faili moja lilikuwa "sauti 004 mpya ya mwisho kabisa". Ndani yake kuna mama anazungumza juu ya ususi. Ni nani? Wapi? Alikubali tumrekodi? Hakuna anayejua. Faili imepona lakini maana yake imekufa nusu. Kwa hivyo siku hizi kila faili huanza na tarehe, mwaka mbele, kisha kazi, kisha namba ya mzee, kwa mfano 20260214_uvuvi_mzee07. Jina lake halisi haliandikwi hapo. Limo katika daftari la karatasi ambalo mwalimu mlezi amelifungia, pamoja na siku, mahali, aliyerekodi, simu iliyotumika na maneno mageni yaliyotajwa. Kuandika huko kunachosha, sitaki kuwadanganya. Dakika kumi za sauti hula saa nzima ya kuandika.

Jina tumelificha kwa sababu. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu mwaka 2019, na hata bila sheria ni adabu tu. Bibi mmoja alitueleza maneno ya biashara ya samaki, halafu akaingilia habari za deni la jirani yake! Tumemrudia, tukamsikilizisha sehemu hiyo, akacheka akasema, "Hiyo ikateni, wajukuu wangu, mtanigombanisha." Tumeikata. Sehemu nyingine ameruhusu zihifadhiwe, ila zisitiwe kwenye intaneti akiwa hai. Hazina za data huruhusu jambo hilo: faili hukaa imefungwa, maelezo yake tu ndiyo huonekana.

Kwa nakala tunafuata kanuni wanayoiita tatu, mbili, moja: nakala tatu, katika vifaa vya aina mbili, na moja ikae mbali na nyingine. Ya kwanza iko kwenye tarakilishi ya maktaba. Ya pili iko kwenye diski ya nje iliyoko nyumbani kwa mwalimu mlezi. Ya tatu iko kwenye wingu, katika akaunti ya chama na si ya mtu, na nywila imeandikwa ndani ya bahasha ofisini kwa mwalimu. Jumatatu ya kwanza ya kila muhula mtu mmoja hufungua faili tano za kubahatisha na kuzisikiliza. Muhula uliopita ilikuwa zamu yangu, na moja haikufunguka. Tuliirudisha kutoka kwenye diski. Laiti tungekuwa na diski hiyo mwaka 2025.

Ninayoyaandika yana haraka kidogo. Sisi wa kidato cha tatu ndio wa mwisho wa mfumo wa 8-4-4. Tukimaliza mwaka 2027, hakutakuwa na kidato cha nne cha kuturithi. Wenzetu wa gredi ya kumi ndio watakaoshika daftari, na wengi wao hawakuwepo tulipokalishwa chini ya ule mwembe. Rekodi tulizonazo leo ni 41.

Tulipokuwa tukipanga kabati la chama tulikuta pia kaseti tatu ndani ya kopo la biskuti. Moja imeandikwa kwa kalamu ya wino, "Wazee, hadithi na vitendawili, 1996". Wanachama wa zamani waliandika mwaka, angalau. Hatuna mashine ya kuzichezea. Aliye na radio ya kaseti nyumbani inayofanya kazi, tafadhali amwone katibu au mwalimu mlezi kabla ya kufunga shule. Msijaribu kuzicheza kwanza kwenye mashine msiyoiamini, utepe ukikatika basi.