SOMO LA KIINGEREZA: NENO "RECEIVE"



Leo tunajifunza neno moja tu la Kiingereza. Ni neno dogo, lakini hukaa chini ya karatasi, pale pale tunapoambiwa tutie saini. Neno lenyewe ni "receive". Maana yake ni kupokea.

Baadhi yenu mtauliza: sisi wa Rumonge, wakata mikungu ya michikichi, wakamuaji wa mawese, wapakuzi wa bandarini, Kiingereza ni cha nini? Karatasi zetu nyingi ni za Kifaransa au Kirundi. Ni kweli. Lakini nchi yetu iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na sheria ya mwaka 2014 ilikiweka Kiingereza miongoni mwa lugha rasmi za Burundi. Tena mzigo unaovuka ziwa kutoka Kigoma unaweza kuja na karatasi za Kiingereza, na anayeupakua ndiye anayeambiwa atie saini.

Mimi mwenyewe niliishia shule ya msingi. Nilipokuwa kijana nilipakua saruji pamoja na wenzangu kwa tajiri mmoja. Jioni tukapewa nusu ya fedha zetu, nusu tukaahidiwa Jumamosi. Karatasi ikaletwa, chini imeandikwa "Received in full". Nilitia saini, na wenzangu wakapiga dole gumba kwa sababu mimi ndiye niliyejua kusoma. Jumamosi tukaonyeshwa karatasi ile ile: maneno yale maana yake ni "Nimepokea yote kamili". Nusu ile hatukuipata. Ndiyo sababu nalifundisha neno hili.

1. Namna ya kuliandika

Herufi zake ni hizi: R-E-C-E-I-V-E. Hutamkwa "risiiv". Wengi huandika "recieve", wakitanguliza I mbele ya E. Hilo ni kosa, na hata Waingereza wenyewe hulifanya. Sababu ni kwamba sikio husikia "ii" tu, na maneno mengine yenye sauti hiyo huandikwa kwa IE, kama "believe", yaani kuamini, na "field", yaani shamba. Walimu wa Kiingereza hufundisha hivi: I hutangulia E, ila baada ya C, E ndiyo hutangulia. Kanuni hii ina maneno yanayoikataa, kama "seize", yaani kukamata kwa nguvu. Lakini kwa "receive" haikosei.

Kwetu kuna njia nyepesi zaidi. Lisome neno hilo kama unavyosoma Kirundi, ambako C hutamkwa "ch": re-che-i-ve. Ukilisema hivyo moyoni, mkono hautapotea. Na aliyesoma Kifaransa akumbuke "recevoir": baada ya C inakuja E. Si ajabu, kwa kuwa Waingereza walilichukua neno hili kutoka Kifaransa cha zamani. "Reçu" ya Kifaransa, "receipt" ya Kiingereza na risiti yetu ya Kiswahili ni ukoo mmoja.

2. Maana yake

"I receive" ni napokea. "I received" ni nilipokea. Kwenye karatasi za malipo na za mizigo utakuta zaidi "received", yenye D mwishoni, kwa kuwa jambo limekwisha kutendeka. Kwa hiyo usiitie saini kabla halijatendeka. "Received in full" ni kupokea yote, pasipo kubaki kitu. Kwenye karatasi za Kifaransa, maneno "pour acquit" hufanya kazi hiyo hiyo: unakiri kuwa umelipwa.

3. Kupokea si kukubali

Hapa ndipo penye kiini cha somo. Kiingereza kina neno jingine, "accept", yaani kukubali. Ukiletewa barua ya onyo, unaweza kuipokea bila kuyakubali yaliyomo. "Received" inasema tu kwamba barua imefika mkononi mwako. "Accepted" inasema umekubali. Kwa Kifaransa angalia maneno "lu et approuvé": maana yake umesoma na umeafiki. Usiyaandike kwa kuwa umeamriwa tu. Yaandike ikiwa kweli umesoma na umeafiki.

4. La kufanya

Kwanza hesabu, kisha ndipo utie saini. Ukipewa faranga 45,000 na karatasi inasema 60,000, andika kiasi ulichopewa na tarehe: "Received 45,000 only". Neno "only" maana yake ni tu. Kama Kiingereza kinakushinda, andika kwa Kiswahili au Kirundi: "Nimepokea 45,000 tu." Kosa la herufi halitakupotezea fedha, kosa la hesabu litakupotezea.

Usiposoma vizuri, mwombe karani akusomee mbele ya mwenzako. Huo si utovu wa adabu. Mkataba namba 95 wa Shirika la Kazi la Kimataifa, wa mwaka 1949, unataka mfanyakazi ajulishwe hesabu ya mshahara wake kwa njia iliyo rahisi kufahamika.

Mazoezi

(a) Sahihisha: "I recieved my pay."
(b) Umeletewa barua ya onyo usiyokubaliana nayo. Utaandika "received" au "accepted"?
(c) Umepewa mifuko 38, karatasi inasema 40. Utaandika nini?

Majibu: (a) "I received my pay", yaani nilipokea mshahara wangu. (b) "Received", pamoja na tarehe. (c) "Received 38 only".

Ndugu, ukishalijua neno hili usilifiche. Kesho wakati wa mapumziko mfundishe mwenzako mmoja, hasa yule anayepiga dole gumba. Siku ile ya saruji tulikuwa wengi, na hakuna aliyejua.