Nusu yangu iko wapi?

Swali: Mume wangu ameajiriwa hapa Marekani miaka 30; mimi nimelea watoto, sijawahi kuajiriwa. Sote tulizaliwa 1961. Je, ombi lake la mafao ya Hifadhi ya Jamii latutosha wote wawili?

Jibu: Halitoshi, mama. Haki unayo, ila kila mmoja hujaza ombi lake, na lako halipiti kabla mumeo hajaomba. Ukisubiri hadi miaka 67 utalipwa nusu ya kiasi anachostahili yeye akiwa na umri huo. Ukianza mapema hupunguziwa, na punguzo hilo hubaki.

Yeye akingoja hadi 70, malipo yake hupanda asilimia 8 kwa kila mwaka baada ya 67. Nusu yako haipandi, ndiyo maana wake wengi huwahimiza waume zao waombe upesi. Nakusihi mlitafakari hili pamoja: akitangulia mbele ya haki, nawe umefika 67, utarithi malipo yake yote yaliyoongezeka badala ya nusu.

Kama ndoa ilifungwa kwa kadhi huko nyumbani, tafuteni sasa cheti cha kuthibitisha ndoa hiyo kwa ajili ya ombi lako. Maombi hupokelewa hadi miezi 4 kabla ya mwezi mnaotaka malipo yaanze.