Uliza Ukumbi Kabla ya Kuuliza Bei

Habari ikisambaa kwenye makundi ya WhatsApp ya wana-Fizi, watu wa Kongo mashariki, kwamba mwimbaji fulani anakuja, swali la kwanza huwa ni bei ya tiketi. Lingefaa liwe hili: anaimbia wapi? Mtu wa Makobola au Baraka anayeishi ughaibuni hukutana na shoo za aina mbili. Moja hufanyika kwenye ukumbi mkubwa wenye jina, tovuti na walinzi wake. Nyingine hufanyika kwenye ukumbi wa harusi uliokodiwa usiku mmoja na promota ambaye siku za kawaida anapakia mizigo ghalani kama wewe. Kila moja ina raha yake, na sitaki kumdharau promota mdogo, maana bila yeye waimbaji wengi wasingefika miji kama Louisville au Des Moines. Ila maandalizi ya shoo hizi hayafanani hata kidogo.

Tuanze na ile kubwa, kwa sababu maelezo yake ni mafupi. Mwimbaji wa Kongo Fally Ipupa alipoimba Paris La Défense Arena, kule Nanterre, Novemba 25, 2023, ukumbi ulikuwa wa kuchukua watu wapatao 40,000. Mahali kama hapo saa ni saa. Ukizoea shoo zetu ukafika umechelewa saa tatu, utakutana na watu wakitoka. Tiketi nunua kwenye tovuti ya ukumbi wenyewe au kwa wauzaji inaowataja, kama Ticketmaster au Fnac Spectacles, kwa akaunti yako na kadi yako. Usinunue picha ya tiketi kutoka kwa mtu wa kwenye Facebook hata akiapa kwa jina la mama yake. Picha hiyohiyo inaweza kuuzwa kwa watu kumi, na mashine ya mlangoni inamjua wa kwanza tu. Na tiketi zikiisha, usikimbilie walanguzi siku hiyohiyo. Subiri kidogo uone kama wataongeza siku: shoo ya Fally ya Stade de France ya Mei 2, 2026 ilipotangazwa, baadaye iliongezwa ya Mei 3.

Njia ya kurudi nyumbani ipange kabla hujaondoka. Metro ya Paris usiku wa Ijumaa na Jumamosi hufika mwisho kama saa nane na robo, na siku nyingine saa moja kabla ya hapo. Begi kubwa acha nyumbani. Marekani kumbi nyingi hukubali pochi ndogo tu au begi la plastiki linaloonyesha vilivyomo, na anayekuja na mkoba wa safari huambiwa aurudishe garini, hata kama alikuja kwa basi.

Sasa ile ya ukumbi wa kukodi. Hapa ndipo watu hulia.

Bango si ushahidi. Bango hutengenezwa kwa simu kwa dakika kumi, na picha ya msanii iko wazi kwa kila mtu. Kwanza ingia kwenye ukurasa wa msanii mwenyewe uone kama naye ameitangaza tarehe hiyo. Wasanii wanaosafiri kweli huweka ratiba nzima ya miji. Kisha piga simu ukumbini, si kwa promota, uulize kama usiku huo umekodiwa na kwa shughuli gani. Anayepokea simu hana sababu ya kukudanganya. Ukisikia kwamba Jumamosi ile pana sherehe ya kumbukumbu ya ndoa ya wazee fulani, umeokoa dola zako kwa simu moja.

Swali la tatu watu wengi hawaliulizi: anakuja na bendi, au anakuja na flashi? Ili msanii aimbe kwa malipo Marekani anahitaji viza ya kazi ya sanaa, na kila mpiga gitaa na kila mchezaji anahitaji ya kwake. Viza ya utalii haitoshi. Kwa hiyo hutokea mwimbaji akapata, kundi lake likakosa, na usiku ule akasimama peke yake na DJ, akiimba juu ya sauti yake mwenyewe iliyorekodiwa. Kwa msanii wa Bongo Fleva pengine hilo halikusumbui. Kwa rumba, ambayo mtu huenda kusikiliza sebene ikivutwa dakika 15 bila kukatika, kulipa VIP ili usikilize flashi ni msiba. Muulize promota waziwazi. Akikujibu kwa kukutumia bango lilelile kwa mara ya pili, umeshajibiwa.

Malipo pia yana adabu yake. Ukilipa kwa kadi kupitia mahali kama Eventbrite, shoo ikivunjika una pa kudai. Ukimtumia promota kwa Zelle au Cash App, ni kama umempa noti mkononi, na atakayekurudishia ni moyo wake. Kama huna njia nyingine na unamjua hadi kwao, sawa, lakini usiwalipie na shemeji na watoto wa shangazi kwa mkupuo. Lipa yako, wao walipe mlangoni.

Kuhusu saa: bango likisema saa mbili usiku, milango hufunguka saa nne, DJ hupiga hadi saa saba, na msanii hupanda jukwaani kama saa nane. Kula vizuri kabla ya kwenda, lala mchana, vaa viatu unavyoweza kusimama navyo. Lakini kuchelewa kuna mpaka. Agosti 2014, karibu na Stuttgart, Ujerumani, mashabiki wa Diamond Platnumz walisubiri hadi alfajiri inakaribia. Alipofika, hasira zilikuwa zimeshapanda na vitu vikavunjwa ukumbini. Ukiona watu wameanza kurusha chupa, usikae kutetea tiketi yako. Toka.

Faida ya ukumbi mdogo ni kwamba unafika mbele. Unaweza kumtunza msanii kwa mkono wako, na jina lako au la kijiji likatajwa kwenye kipaza sauti. Ukitaka Makobola itajwe, mwone msaidizi wake mapema, mwandikie jina kwa herufi kubwa, na mkubaliane kiasi kabla. Noti ndogondogo zibadilishe benki mchana, kwa maana mlangoni hakuna chenji.

Karatasi. Ukumbi wenye baa Marekani mara nyingi huingiza wenye miaka 21 na zaidi, na kitambulisho chenye picha kinaangaliwa hata kama una mvi. Wengi wetu tuliopitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu tumeandikiwa kuzaliwa Januari 1, na si ajabu ndugu watatu wakasimama mlangoni wote na tarehe moja. Baunsa akishangaa, mjibu kwa upole na umpe kadi halisi. Picha ya kadi kwenye simu haikubaliki. Ukipanda ndege ndani ya Marekani, tangu Mei 7, 2025 leseni ya kawaida isiyo ya REAL ID haitoshi, ila kadi ya ukaazi inapita. Kwenda Paris kutoka Marekani ni habari nyingine. Hati ya safari ya mkimbizi inadumu mwaka 1 tu, inachukua miezi kutoka, na bado utahitaji viza ya Ufaransa. Usinunue tiketi ya shoo kwanza halafu ndipo uanze kutafuta karatasi.

Kazini, omba ruhusa mapema na kwa maandishi. Kwenye viwanda vya nyama ambako ndugu zetu wengi wanafanya, ukikosa shifti ya Jumapili usiku unapewa pointi, na pointi zikijaa unafukuzwa. Shoo ya Jumamosi inayokwisha saa kumi alfajiri Chicago, ukiongeza saa tano za barabara hadi Des Moines, inakufikisha nyumbani asubuhi ukiwa umechoka hoi. Wawe madereva wawili, na mmoja asiguse kinywaji wala asicheze hadi kuishiwa. Atalalamika, lakini mchangieni tiketi yake, naye atanyamaza.

Kuna jambo la siasa na la tarehe, na hapa wana-Fizi wanapaswa kuwa makini kuliko wengine. Muziki wa Kongo ughaibuni hauachani na siasa ya Kongo. Kwa miaka mingi wapinzani wanaojiita combattants walizuia shoo Ulaya wakiwashutumu waimbaji kuwa karibu na utawala. Shoo ya Fally kwenye ukumbi wa La Cigale, Juni 2017, ilipigwa marufuku na polisi wa Paris. Alipoimba Accor Arena, Februari 28, 2020, pikipiki zilichomwa karibu na Gare de Lyon na kituo kikaondolewa watu, ingawa ndani shoo iliendelea. Kwa hiyo angalia habari siku ile, na uwe na njia ya pili. Accor Arena, kwa mfano, inafikika kwa metro namba 6 na 14 bila kugusa Gare de Lyon kwa miguu.

Lakini uzito kwetu ni mwisho wa Desemba. Mapromota hupenda tarehe 30 na 31 kwa sababu watu wana bonasi na likizo. Tarehe 30 Desemba ndiyo yalipoanza mauaji ya Makobola mwaka 1998, na hadi Januari 2, 1999 zaidi ya watu 800 walikuwa wameuawa, kwa mujibu wa ripoti ya Umoja wa Mataifa. Jumuiya zetu hukutana siku hizo kusoma majina na kuomba. Sisemi usicheze mwaka mpya. Nasema ukialikwa shoo ya tarehe 30, waulize wazee wa jumuiya ibada ni lini, na kama unamjua promota mwambie mapema, miezi mitatu kabla, si wiki ya mwisho akiwa ameshalipia ukumbi. Wengi hawafahamu tu, na tarehe 27 inauzika vilevile.

Wapenzi wa injili wana nafuu. Christina Shusho, mtu wa Kigoma, ng'ambo ya ziwa letu la Tanganyika, akija mara nyingi huwa ni kanisani au ukumbi wa kanisa, mchana au jioni, watoto wanaingia, na saa nne usiku mko nyumbani. Kama bango linasema bure, jua kwamba sadaka itapita, pengine mara mbili. Beba kitu.

Na simu. Kumpigia mama video wakati wa shoo ni kupoteza: yeye anasikia ngurumo, wewe huoni jukwaa. Rekodi vipande viwili vya sekunde 30, kimoja cha uso wa msanii na kimoja cha umati, uvitume kwa WhatsApp. Video fupi inafunguka hata kwa bando dogo. Saa nane usiku ya Chicago majira ya joto ni saa tatu asubuhi Makobola, kwa hiyo nyumbani wataviona wakinywa chai. Kabla hujaviweka kwenye status, kumbuka baba mdogo aliyeko Baraka aliomba karo wiki iliyopita ukamwambia mwezi huu mgumu. Mtumie hata nusu yake Ijumaa, au mwondoe kwenye orodha ya wanaoona status. Cha kwanza ndicho ninachopendekeza.