Moyo Ukienda Mbio Kabla ya Jukwaa

Hebu weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, chini ya kidole gumba. Tazama saa, hesabu mapigo kwa nusu dakika, kisha zidisha kwa mbili. Mtu mzima aliyetulia hupata kati ya 60 na 100. Mimi mwaka jana, nikingoja nyuma ya pazia katika ukumbi mmoja hapa Kisumu nighani shairi la chama chetu, nilipata 128.

Nisiwafiche, nilidhani nakufa. Vidole vilinichonyota, midomo ikafa ganzi, ukumbi ukawa unazunguka. Mwenzangu akaninong'oneza, "Wacha uoga bwana!" Jamani, nani aliwahi kupona hofu kwa kuambiwa hivyo? Jina letu lilipoitwa nilikuwa nishatoka nje, na shairi tulilolifanyia mazoezi muhula mzima halikusikika.

Kesho yake nilimwendea muuguzi wa shule. Hakunicheka. "Nyathina, jana ulikula nini?" Chakula sikuwa nimekionja, nilikuwa nimekunywa chai ya rangi vikombe vitatu, na chai ina kafeini, sawa na kahawa na zile soda za kuongeza nguvu. Kisha akanipima malaria. Huku kwetu kando ya ziwa, moyo kwenda mbio huenda ikawa ni homa, au upungufu wa damu, na ugonjwa wa seli mundu nao si mgeni kwetu. Mtu asikimbilie kusema ni woga tu.

Sikuwa na malaria. Ndipo akanieleza kwamba ubongo ukihisi hatari, tezi mbili zilizokaa juu ya mafigo humwaga adrenalini katika damu. Moyo huongeza kasi ili misuli ipate nguvu ya kukimbia au kupigana. Ni msaada mkubwa ukikutana na kiboko pale Dunga jioni. Shida ni kwamba majaji watatu wenye kalamu nao huhesabiwa kiboko! Tena kwa kuhema haraka haraka nilikuwa nimetoa hewa ya kaboni kupita kiasi, na hiyo ndiyo iliyoleta ganzi na kizunguzungu. Zamani watu waliambiwa wapumulie ndani ya mfuko wa karatasi. Siku hizi hilo halishauriwi, maana mwenye pumu au ugonjwa wa moyo aweza kudhurika.

Dawa aliyonipa ni hii: vuta pumzi kwa pua ukihesabu hadi 4, itoe polepole ukihesabu hadi 6, kama anayepoza uji. Kila unapotoa pumzi moyo hupunguza kasi kidogo. Endelea kwa dakika tano hivi. Lakini ujizoeze siku za kawaida, kitandani kabla taa hazijazimwa, usingoje asubuhi ya mtihani. Na usiugombeze moyo, eti "mbona hutulii?" Ukiugombeza unaongeza hofu juu ya hofu. Uache udunde, wewe shughulika na pumzi.

Ila ukizimia, ukiumwa na kifua, au moyo ukienda mbio umeketi tu huna wasiwasi wowote, mwambie mwalimu upelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Muhula huu nilipanda jukwaani tena. Nyuma ya pazia nilihesabu 112. Karatasi ilitetemeka mkononi hata waliokaa mbele waliiona, na ubeti wa kwanza niliusoma mbio mno. Wa pili nikapata mizani. Tulikuwa wa tatu.