Skuta Ikikataa Kuwaka

Ras al Jinz hakuna daladala wala matatu ya kungojea kando ya njia. Kutoka hapo hadi Sur, kwenye hospitali, masoko na gereji, ni zaidi ya kilomita 40, na sehemu kubwa ya njia ni jangwa upande mmoja na bahari upande wa pili. Wageni wa hifadhi hupelekwa pwani kuwaona kasa usiku na alfajiri, kwa hiyo anayefanya kazi huko huenda au hurudi gizani. Kwa familia iliyofika juzi, skuta iliyokwishatumika huenda ndicho chombo cha kwanza inachoweza kukimudu. Ikikataa kuwaka, zamu imepotea. Na ukikimbilia kununua vipuri kwa kubahatisha, ujira wa siku nyingine kadhaa umekwenda nao.

Somo hili linahusu skuta ya siku hizi, ile isiyo na gia za kubadilisha: unavuta moto, inakwenda. Shika jambo moja kabla ya mengine yote. Skuta iliyogoma hukueleza kwa sauti yake inaumwa wapi, kabla hujafungua hata skrubu moja. Sikio kwanza, spana baadaye.

Usiisukume

Wengi wetu tumejifunza kuendesha kwa pikipiki za gia, Boxer au TVS za bodaboda. Zile zikigoma dawa yake inajulikana: gia ya pili, shika klachi, vijana wasukume, achia. Wazee waliokuja Oman kutoka Unguja miaka ya 1970, ambao mpaka leo skuta yoyote kwao ni "vespa", watakushauri vivyo hivyo, na hawakosei kwa chombo walichokijua wao. Vespa za zamani zilikuwa na gia kwenye mkono wa kushoto na ziliwaka kwa kusukumwa.

Skuta isiyo na gia haiwaki hivyo. Klachi yake hushika pale tu injini inapozunguka kwa kasi. Injini ikiwa imelala, gurudumu la nyuma na injini havijuani. Unaweza kuisukuma kutoka Ras al Jinz mpaka Ras al Hadd na utakachopata ni kiu. Na kiu hapa si mzaha: Juni hadi Agosti sheria ya kazi ya Oman inakataza kazi za nje juani kuanzia saa 6:30 mchana hadi saa 9:30 alasiri. Kama waajiri wamekatazwa kuwaweka watu juani saa hizo, wewe pia usijiweke kwa ajili ya skuta. Ihamishie kivulini, kunywa maji, ungoja jua lipungue.

Mambo manne yasiyogharimu kitu

Kabla ya kusema skuta ni mbovu, angalia swichi nyekundu iliyo karibu na mkono wa kulia. Hiyo ni ya kuzimia injini, na watoto wanaocheza kwenye skuta wanaipenda sana. Angalia stendi ya pembeni. Skuta nyingi haziwaki ikiwa imeshushwa. Kisha kamata breki barabara unapobonyeza stata, maana bila breki stata haipati umeme. La nne ni mafuta, na usiamini mshale wa geji peke yake. Fungua kifuniko, tikisa skuta, usikilize kama kuna kitu kinachocheza ndani. Usimulike kwa kiberiti.

Si aibu kuanzia hapa. Mafundi wenye uzoefu nao huanzia hapa.

Sasa sikiliza

Fungua ufunguo, kamata breki, bonyeza stata kwa sekunde tano, si zaidi. Ukiendelea kubonyeza unaipasha stata moto na kuimaliza betri, na hapo tatizo moja limekuwa mawili. Pumzika kama sekunde kumi na tano kabla ya kujaribu tena.

Kama ni kimya kabisa na hata taa za dashibodi haziwaki, umeme haufiki. Kagua fyuzi na ncha za betri. Fyuzi iliyoungua weka nyingine yenye nambari ileile. Usiweke waya wala karatasi ya sigara inayong'aa, hata kwa safari moja. Fyuzi imewekwa iungue yenyewe ili waya zisiungue na kuwasha skuta nzima.

Kama unasikia ta-ta-ta-ta na taa zinafifia, betri imechoka au ncha zake ni chafu. Kama injini inazunguka kwa nguvu kama kawaida lakini haishiki, betri iache kabisa. Hapo ama mafuta hayafiki, ama plagi haitoi moto. Watu wengi hununua betri mpya wakati injini inazunguka vizuri kabisa, na betri hiyo mpya haitawasaidia kitu.

Chumvi

Tukae kidogo kwenye betri, kwa sababu Ras al Jinz si Nizwa. Nizwa ni bara, hewa yake ni kavu. Huku upepo wa bahari unabeba chumvi usiku kucha, na umande wa alfajiri unaishusha juu ya kila chuma. Skuta iliyolala nje huamka na unyevu wa chumvi kwenye maungio ya umeme. Baada ya miezi kadhaa utaona unga mweupe au wa kijani kwenye ncha za betri. Unga huo unazuia umeme kupita, na betri nzima huonekana imekufa ilhali ni ncha tu zilizoziba.

Kuisafisha ni kazi ya nusu saa. Zima ufunguo. Fungua kwanza waya wa hasi, ule mweusi, halafu wa chanya, mwekundu. Koroga kijiko cha soda ya kupikia kwenye kikombe cha maji ya moto, sugua kwa mswaki wa zamani, futa, kausha kabisa. Angalia maji hayo yasiingie ndani ya betri. Rudisha mwekundu kwanza, mweusi mwisho, kaza vizuri, kisha paka vaselini juu ya ncha ili chumvi isishike tena. Ncha iliyolegea nayo huleta ta-ta-ta ileile, kwa hiyo kukaza ni nusu ya dawa. Ukifanya hivi kila baada ya miezi miwili na kuifunika skuta usiku, utaziepuka asubuhi nyingi mbaya.

Kama jirani ana mita ya kupimia umeme, pima betri asubuhi kabla ya kuwasha. Betri nzima iliyojaa huonyesha karibu volti 12.6 au zaidi. Ikiwa chini ya 12, inahitaji chaji. Ukishaiwasha na kuvuta moto kidogo, mita ipande kwenye 13.5 hadi 14.5. Isipopanda, tatizo liko kwenye mfumo wa kuchaji, na kubadilisha betri kutakupa siku chache tu.

Kuazima umeme wa gari la jirani inawezekana, kwa sharti betri zote mbili ziwe za volti 12 na injini ya gari iwe imezimwa. Betri ya gari yenyewe ina umeme wa kutosha kabisa. Injini yake ikiwa inanguruma inaweza kuharibu vifaa vya skuta. Waya mwekundu uunganishe chanya kwa chanya. Mweusi utoke hasi ya gari uende kwenye chuma kitupu cha skuta, mbali na betri. Ikishawaka, ondoa mweusi kwanza.

Kama skuta yako ina kiki, itumie mapema badala ya kuimaliza betri. Lakini skuta zinazotumia pampu ya umeme ya mafuta, kiki mara nyingi haitoshi betri ikiwa imekufa kabisa, kwa sababu pampu nayo inataka umeme.

Injini inazunguka lakini haishiki

Kwenye skuta ya pampu, ukifungua ufunguo utasikia mvumo mdogo wa sekunde mbili hivi. Hiyo ni pampu inaandaa mafuta. Usipousikia, rudi kwenye fyuzi. Kwenye skuta ya kabureta, kumbuka choki injini ikiwa ya baridi. Petroli iliyokaa miezi kadhaa kwenye joto la hapa hupoteza nguvu. Skuta iliyosimama kiangazi chote imwagwe mafuta ya zamani na kutiwa mapya.

Ukisikia harufu kali ya petroli baada ya kujaribu mara nyingi, injini imelewa mafuta. Ngoja dakika kumi. Kisha vuta moto mpaka mwisho, ushikilie hapohapo, bonyeza stata sekunde tano.

Ikishindikana, fungua plagi, injini ikiwa imepoa. Plagi ikiwa imelowa, mafuta yanafika na huenda moto ndio haupo. Ikiwa kavu kabisa baada ya kujaribu mara nyingi, mafuta hayafiki. Ikiwa nyeusi yenye masizi, kagua chujio la hewa, kwa maana vumbi la jangwa hulijaza upesi na injini hukosa pumzi. Rangi ya hudhurungi ndiyo nzuri. Plagi ni kipuri cha bei ndogo, na moja ya akiba chini ya kiti itakufaa kuliko vifaa vingi vya urembo. Kupima moto wa plagi kwa kuigusisha kwenye chuma ni kazi ya fundi. Mvuke wa petroli hutoka kwenye tundu la plagi, na cheche ndiyo unayoitafuta.

Kuna ugonjwa mmoja wa jangwani unaowadanganya wengi: skuta inakwenda vizuri, baada ya kilomita kadhaa inazimika, ikipumzika inawaka tena. Simama, fungua kifuniko cha tangi. Ukisikia hewa ikivutwa ndani, tundu dogo la kifuniko limezibwa na vumbi. Lisafishe, endelea na safari.

Injini usiijaribu ndani ya chumba au stoo iliyofungwa. Moshi wake una sumu isiyo na harufu na huua watu usingizini.

Ukikwama usiku

Toa skuta nje ya lami. Usiishushe pwani na usimulike baharini kwa taa wala simu. Pwani ya Ras al Jinz ni hifadhi ya kasa kwa amri ya Sultani ya mwaka 1996. Vifaranga wa kasa huifuata sehemu yenye mwanga zaidi, wakidhani ni bahari. Taa yako itawapeleka barabarani. Elekeza mwanga chini, upande wa nchi kavu. Ukiwa hatarini, nambari ya dharura ya polisi ni 9999. Uwe na leseni ya aina hiyo ya chombo na kadi ya usajili, ambayo hapa huitwa mulkiya.

Gereji nyingi za mji ziko eneo la viwanda, linaloitwa sinaiya. Huko fundi anaweza kuwa Mwarabu, Mhindi au Mbengali. Kwa Kiarabu, "ma yishtaghil" ni "haifanyi kazi", "bikam?" ni "kwa bei gani?", na "jadid" ni kipya. Lakini la maana zaidi ni kumwiga skuta yako: mpigie ta-ta-ta kwa mdomo, au mwonyeshe kwa mkono kwamba injini inazunguka lakini haishiki. Fundi wa lugha yoyote atakuelewa. Uliza bei kabla hajafungua kitu, na akibadilisha kipuri, mwombe akupe kile cha zamani mkononi.