SOMO LA AFYA NA USALAMA: MCHEZAJI AKIZIDIWA NA JOTO, MPOZE KWANZA



Kila inapokaribia tarehe 1 Mei, Sikukuu ya Wafanyakazi, matawi yetu ya Busia na Tororo hujiandaa kwa michezo: kandanda, mbio na kuvuta kamba. Michezo hujenga umoja. Lakini mfanyakazi aliyetoka kwenye tanuru la saruji au kukata miwa, kisha akakimbia jua la saa nane, anaweza kupoteza maisha uwanjani mbele ya macho yetu. Katika somo hili tunaeleza namna ya kumwokoa.

1. JOTO LINAVYOMSHINDA MTU

Mwili wenye afya huwa na joto la digrii 37 hivi. Misuli ikifanya kazi hutoa joto jingi, na jasho likikauka juu ya ngozi hulipunguza. Siku ya joto lenye unyevu, jasho hudondoka bila kukauka. Joto hubaki ndani. Likipita digrii 40, ubongo, ini na figo huanza kuharibika.

Hata mabingwa hushindwa na joto. Mwezi wa Machi 2007, Mombasa iliandaa mashindano ya dunia ya mbio za nyika. Kenenisa Bekele wa Ethiopia alikuwa ameshinda miaka 5 mfululizo. Siku ile, katika joto na unyevu wa pwani, aliacha mbio katika mzunguko wa mwisho. Aliacha, akaishi kukimbia tena. Hatari kubwa ni kwa yule anayejikaza mpaka anaanguka.

2. DALILI

Dalili kubwa iko kichwani. Mchezaji anayumba kama mlevi, anaongea maneno yasiyoeleweka, anakuwa mkali bila sababu, hajui yuko wapi, anapata degedege au anazimia. Mwili unawaka moto. Msidanganyike na jasho: wengi wanasema aliyezidiwa na joto huwa mkavu, lakini mchezaji anaweza kuwa amelowa chapachapa na bado yuko hatarini.

Mchezaji aliyechoka tu, akili zake timamu, apelekwe kivulini, alale, miguu iinuliwe, anywe maji. Akili zikianza kupotea, hiyo ni dharura.

Huku kwetu malaria ni nyingi, na mtu akiwaka moto tunakimbilia vidonge. Panadol haishushi joto hili, na inaweza kuliongezea ini mzigo. Wengine husema ni kifafa, pombe au kurogwa. Wakati watu wanabishana, mgonjwa anazidi kuungua ndani.

3. LA KUFANYA

Hapa mpakani, ambako jina la boda-boda lilizaliwa, jambo la kwanza tunalofikiri ni kumpakia mgonjwa kwenye pikipiki mbio hospitalini. Tukifanya hivyo tunampoteza njiani. Joto linatakiwa lishuke ndani ya nusu saa tangu aanguke, na barabara peke yake inaweza kula muda huo wote. Kwa hiyo: POZA KWANZA, SAFIRISHA BAADAYE.

(a) Mtu mmoja atafute gari na kuarifu hospitali. Wengine waanze kazi papo hapo.

(b) Mpelekeni kivulini. Mvueni viatu, soksi na nguo nzito. Akiwa ni mwanamke, kina mama wamzungushie leso. Haya isicheleweshe maji.

(c) Mtumbukizeni mpaka shingoni katika hodhi au beseni kubwa la maji baridi. Kama hakuna, watu 6 washike kingo za turubai, alazwe katikati, mmimine ndoo 5 au 6 za lita 20 na kuyatikisa maji. Barafu ya kuhifadhia samaki ikipatikana, itieni. Mtu mmoja ashike kichwa chake wakati wote kisizame.

(d) Kama hakuna turubai, mmwagieni maji mwili mzima bila kukoma, mmpepee kwa nguvu, na mbadilishe vitambaa vya maji baridi kichwani, shingoni, kwapani na kwenye mapaja.

(e) Asiye na fahamu kamili asinyweshwe kitu, maji yatampalia. Akitapika, mgeuzeni ubavu.

(f) Endeleeni dakika 15 hadi 20, au mpaka akili zirudi, au aanze kutetemeka kwa baridi. Kama maji si baridi sana, muda uzidi. Kipimajoto cha kwapani au cha usoni hakiaminiki hapa. Akili za mgonjwa ndizo za kutazamwa.

(g) Kisha apelekwe hospitali, hata akisema amepona. Ini na figo huweza kuonyesha madhara siku zinazofuata.

Njia hii imejaribiwa. Katika mbio za Falmouth huko Marekani, wakimbiaji 274 waliozidiwa na joto kwa miaka mbalimbali waliwekwa katika maji ya barafu pale pale. Hakufa hata mmoja.

4. KUZUIA

Michezo ianze asubuhi mapema. Mwenye homa, aliyeharisha, au aliyekunywa pombe jana usiku asicheze. Aliyetoka zamu ya usiku apumzike. Mazoezi yaanze wiki mbili kabla, kidogo kidogo, ili mwili uzoee joto. Kabla ya filimbi kulia, maji na turubai viwe uwanjani.

Haya yote yanahusu pia kazini. Mkata miwa anayelipwa kwa kipande, na mpakiaji wa saruji anayefukuzana na lori, ni wakimbiaji wasio na refa wa kupuliza filimbi. Sheria za usalama kazini, ya Uganda ya mwaka 2006 na ya Kenya ya mwaka 2007, zinamtaka mwajiri alinde afya ya mfanyakazi. Mwaka 2022 Shirika la Kazi Duniani lilitangaza mahali pa kazi penye usalama kuwa haki ya msingi. Tukidai maji, kivuli na mapumziko, tunadai kilicho chetu.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA TAWI

1. Maji ya karibu na uwanja wetu yako wapi, na nani atayachota?
2. Turubai la tawi linatunzwa na nani?
3. Katika kazi yetu, ni saa zipi joto ni kali zaidi, na tumewahi kudai mapumziko saa hizo?

Umoja ni nguvu.